Filta ya Chumba cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe anatoka hospitali keshokutwa, anakuja kukaa kwetu. Nimonia imepona, kifua bado hakijakaa sawa. Daktari kasema chumba kisiwe na vumbi wala ukungu. Katika mji huu wa bahari, ambako ukungu unaota hata juu ya viatu! Chumvi kwenye kikopo imegeuka uji. Kiberiti hakiwaki. Ukuta wa chumba cha wageni una madoa meusi ambayo nimeyaziba kwa kabati.

Mke wangu akasema kiyoyozi cha chumba kile kinataka filta mpya, nimpigie mume wa mdogo wake. Yaani mwanyumba wangu. Fundi wa majokofu na viyoyozi. Ukoo mzima unamwita Fundi Baridi, na yeye anaitika!

Simpigii. Mwaka jana alinitengenezea feni mbele ya wakwe, mimi nimemshikia tochi. Inatosha. Nikamwambia mke wangu kwamba nimeshawasiliana na mtaalamu. Mtaalamu ni mimi. Nimeshona mapazia miaka kumi na minne. Filta ni nini? Ni pazia dogo la hewa.

Jumanne, 4 Machi

Dukani. Dada wa kaunta akaniuliza maswali matatu. Chumba kina ukubwa gani, unyevu ukoje, kiyoyozi ni cha aina gani. Nikajibu kwamba chumba ni cha kawaida, unyevu ni wa kawaida, kiyoyozi ni cheupe.

Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Huku pwani hewa ikaushwe kwanza. Kisha filta iwe nyembamba, ya wavu, inayofulika na kukauka upesi. Zile nene za karatasi zina mashine zake. Ukizibandika kwenye kiyoyozi zinakikaba, na zikilowa zinaota ukungu. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyavumbua yeye.

Nikanunua ya karatasi. Nene kuliko zote! Siwezi kumwekea mama mkwe kitu chembamba.

Haikuingia. Nikaikata kwa mkasi wa mapazia, nikaisukuma kwa ngumi.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe kafika. Nikatoa hotuba fupi mlangoni kuhusu mapafu. Mke wangu alinitazama kwa fahari. Nikiikumbuka sasa hivi hiyo hotuba natamani kujifunika shuka.

Kiyoyozi kikaanza kuguna kama mtu aliyebanwa na mlango. Hewa haitoki. Chumba tanuri! Kisha barafu ikajijenga ndani yake, nyeupe, nzuri kuitazama. Nikakizima kipumzike. Barafu ikayeyuka. Maji yote kitandani kwa mgonjwa.

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliita tu, "Baba, humu ndani kunanyesha."

Nikamjibu kwamba mashine inaiosha hewa kwanza. Nilisema hivyo kweli. Kwa mdomo huu huu. Akaniangalia, akausogeza mto wake pembeni, akasema asante.

Bora angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi

Ile ya karatasi nimeitupa. Nimeshona yangu! Bitana iliyokatwa kwenye mapazia ya daktari wa meno, yenye maua madogo ya buluu. Tabaka tatu, pindo safi. Mteja hatajua. Pazia lake moja litakuwa jepesi kidogo kuliko wenzake, basi.

Nikaifua. Saa sita kwenye kamba na bado mbichi. Msimu huu hakuna kinachokauka. Taulo za nyumba hii zimesahau ukavu ni nini. Nikaiweka hivyo hivyo. Hoja yangu: vumbi hunasa kwenye maji. Mke wangu akauliza kama mtaalamu ameridhika. Nikasema ameridhika sana.

Jumapili, 9 Machi

Harufu. Soksi zilizosahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mke wangu akauliza kama kuna kitu kimefia ukutani. Nikasema ni mabomba ya mwalimu mstaafu anayekaa chini yetu. Sikujua atashuka kwenda kumwambia! Mzee wa watu akapanda mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akanusa chumba baada ya chumba, akasimama chini ya kiyoyozi. Akasema kwa adabu kwamba anadhani bomba lenyewe liko hapa.

Nikapuliza marashi. Nusu chupa.

Mama mkwe akakohoa. Si kikohozi cha kooni. Kile cha chini kabisa, kinachomkunja mtu. Mke wangu alishika mgongo wa mama yake. Mimi nilishika chupa. Leo sina mzaha wa kuandika.

Jumatatu, 10 Machi

Kliniki. Daktari kasema nimonia haijarudi, ila kifua kimechokozwa. Akauliza chumbani kuna nini. Mke wangu akanigeukia. Nikasema vumbi la barabarani. Tunakaa ghorofa ya tatu.

Mke wangu akaenda dirisha la dawa. Tukabaki wawili kwenye benchi. Mama mkwe akazungumza akiwa anatazama mbele.

"Maua ya buluu nimeyaona, baba. Nalala nikiyatazama."

Nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

"Mimi simwambii mtu. Mwambie mwenzako mwenyewe. Leo."

"Nitamwambia, mama."

Sikumwambia. Nilichosema ni kwamba huenda mtaalamu wangu ana upungufu fulani. Mke wangu akasema basi anampigia Fundi Baridi, na simu ilikuwa tayari sikioni.

Jumanne, 11 Machi

Kaja na ovaroli na kipima unyevu. Akakisoma kwa sauti: asilimia themanini na tano. Akapanda ngazi, akafungua kifuniko mbele ya mke wangu na mama mkwe. Kazi yangu ikatoka. Nusu ya maua yalikuwa meusi. Yameota manyoya!

Nikangoja acheke. Nilikuwa nimejiandaa, hata jibu la kumrudishia nilikuwa nalo. Hakucheka. Akasema mshono ni mzuri, kisha akauliza huyo mtaalamu ni nani.

Mama mkwe alitazama dirishani. Angeweza kunichongea. Hakunichongea.

"Ni mimi," nikasema.

Yakatoka yote: karatasi, bitana, marashi, mabomba ya mwalimu, vumbi la ghorofa ya tatu. Mke wangu hakunifokea. Aliuliza jambo moja tu. "Na ulimsikia anavyokohoa?" Nikasema nilimsikia. Akatoka chumbani.

Fundi Baridi kaweka filta ya wavu na kuacha nyingine ya akiba. Moja ikifuliwa, nyingine inafanya kazi, na hairudi mahali pake mpaka ikaukie kabisa mbele ya feni. Kasogeza kabati, kasugua ukuta. Kisha akatuazima mashine yake ya kukausha hewa. Kufika jioni ilikuwa imenyonya nusu ndoo ya maji kutoka kwenye hewa tuliyokuwa tunaivuta! Kumwaga ndoo ndiyo kazi niliyopewa. Nikashuka kumwomba radhi mwalimu. Akanivutia kiti, akaniuliza habari za mgonjwa. Nilikaa dakika mbili, nikashindwa kuendelea kukaa.

Alhamisi, 13 Machi

Mama mkwe kalala siku mbili bila kukohoa. Kipimo asilimia hamsini na mbili. Mke wangu anazungumza nami, ila kwa mambo ya mkate na ufunguo tu. Mama mkwe alinisalimia vizuri, kama vile hakuna lililotokea. Nikainama kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimechoka kuona aibu. Aibu bila tendo haina faida. Nimeamua kumpa mama mkwe zawadi, kutoka moyoni.

Nimeipata! Ilikuwa kwenye dirisha la duka. Umbo la yai, taa ya zambarau, inatoa mvuke mweupe laini kama wingu. Kwenye boksi kuna mwanamke amefumba macho, anavuta pumzi kwa raha. Muuzaji akaanza kunieleza habari za nchi zenye hewa kavu na pua zinazopasuka kwa joto la jangwani. Nikamkatiza kwa upole. Nikamwambia mambo ya hewa nayajua, nimeyapitia.

Nimeiwasha tangu mchana, mama na binti yake walipotoka kwenda kwa ndugu. Chumba kizima kinang'aa! Wingu limefika darini, ukuta unameremeta, kioo kimekuwa cheupe. Na kuna jambo hata sikulitarajia: tangu niiwashe, ile mashine ya kukausha imejaza ndoo mara mbili. Mara mbili! Ni wazi zinasaidiana. Maskini Fundi Baridi. Miaka yote hiyo mashine yake inahangaika peke yake, na hajawahi kufikiria kuitafutia mwenzake.