Mzizi Kwangu, Zabibu Kwake

Jumamosi, 21 Septemba. Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Mama wa Mungu.

Khatuna amepiga simu. Anakuja! Tarehe tatu mwezi ujao, siku saba nzima. Miaka sita mwanangu yuko Italia, mji wa Bari, anamtunza kikongwe wa watu. Na mimi baba yake niko hapa Tbilisi, Georgia, najipikia maharage.

Nikamuuliza atakula nini akifika. Akasema hataki kitu ila churchkhela. Ya mzabibu wa nyumbani. Walnati, zile kokwa za ganda gumu, zitungwe kwenye uzi, zichovywe kwenye uji wa zabibu, palepale uani, katika sufuria ya shaba ya marehemu mama yake. Halafu akashusha sauti. Akasema Waitaliano wanataka kumpa mkataba wa kudumu, na wanataka jibu kabla ya Krismasi.

Nikasema, "Ahaa." Nikasema hali ya hewa huku ni nzuri. Tukaagana.

Sikulala mchana. Akitia sahihi, ndiyo basi tena, nitamwona kwenye simu mpaka nife. Lakini sitamwambia arudi. Mtu mzima hasemi hivyo. Ana miaka thelathini na nne. Ukimwambia njoo, ataona unamvuta kamba. Mji wenyewe ndio utakaomwambia. Joto limevunjika, soko limejaa, majani yameanza kuingia rangi, na tarehe tano ni sikukuu ya jiji. Nimeandika orodha. Treni ya mlimani. Bafu za maji moto. Sikukuu. Churchkhela. Ni mtego wa hariri!

Tatizo ni moja. Zabibu.

Mzabibu aliupanda Manana wangu wiki aliyozaliwa Khatuna, mlangoni petu, chini. Mmea usio na shukrani. Umepita dirisha langu bila kuacha hata punje. Umepita roshani ya jirani Eteri, ghorofa ya katikati, ukamwachia majani. Umefika juu kabisa, kwa Shalva, ukamwaga kila kitu. Zimening'inia huko nyeusi tititi.

Na mimi na Shalva hatujasemezana miaka miwili.

Jumatatu, 23 Septemba.

Niandike ukweli, maana daftari hili Mungu pia analisoma. Shalva ni refa mstaafu wa mieleka. Firimbi bado anayo shingoni, hata akienda kununua mkate. Siku ile tulikuwa tunacheza kete uani, na nilisogeza kete moja. Moja! Kwa kidole cha mwisho. Akasimama akapuliza firimbi mbele ya majirani wote, akanitangaza mdanganyifu. Tangu hapo salamu zetu hubebwa na Eteri.

Eteri anauza mbegu za alizeti, na kikapu chake cha kamba hushuka na kupanda mchana kutwa. Nikatia karatasi kikapuni: mzizi ni wangu, kwa hiyo kisheria zabibu ni zangu. Eteri akaisoma njiani, kama kawaida yake, akaipandisha juu.

Jibu likaja kwa mdomo. Eteri akainama kwenye roshani akasema Mzee Shalva anasema kama mzizi ni wako, ule mzizi.

Akacheka mpaka akashika ubavu. Nikamwambia mama mzima kucheka hivyo si adabu. Akasema, "Kaka Nodari, panda ngazi umwombe. Ni ngazi arobaini tu." Nikamwambia goti langu. Akasema goti langu lilipanda mlima wa Mtatsminda wiki iliyopita kwenda kuwasha mishumaa.

Mwanamke huyu anaona mengi mno.

Jumatano, 25 Septemba.

Siku ya kufunga. Sikugusa jibini wala yai, kwa hiyo niliamka na dhamiri safi, na mtu mwenye dhamiri safi hufikiri vizuri.

Mimi ni fundi wa lifti miaka thelathini na moja. Nimepandisha piano. Nimepandisha jeneza, likiwa na mwenyewe ndani. Kushusha vichala sita vya zabibu ni kitu gani? Shalva huenda kliniki saa nne kupima presha. Saa nne na robo nilikuwa juu ya paa na kapi, kamba, kisu kilichopinda na mfuko wa viazi.

Nilishusha kisu polepole. Sikuona vizuri, jua lilinipiga machoni. Kitu kikanasa. Nikavuta. Kikawa kizito, nikasema Asante Mtakatifu Giorgi, nikavuta tena kwa nguvu.

Kamba ya nguo ilikatika yote. Suruali mbili, taulo, na fulana ya urefa ya mashindano ya zamani, ile anayoifua kwa mkono peke yake. Vyote viliruka vikashuka uani kama watu wanaokimbia moto. Fulana ikaangukia beseni la Eteri la mbegu.

Na kliniki, kumbe, leo ilifungwa. Firimbi ilisikika mpaka barabarani.

Nimekaa juu ya paa mpaka saa nane.

Ijumaa, 27 Septemba. Sikukuu ya Msalaba.

Nilikwenda kuungama. Niliungama ya Jumatano, kisha nikaanza kuungama ya Jumapili ijayo ili nisisahau. Padri Ilarioni akanikatiza. Akasema dhambi haichukuliwi kwa mkopo.

Akauliza yote haya ni ya nini. Nikamweleza habari ya Khatuna na mkataba. Kisha akauliza kama nimemwambia mtoto kwamba nataka arudi.

Nikamwambia, Padri, ndege hanaswi kwa kuambiwa.

Akasema, "Nodari, mwanangu, huyo si ndege, ni binti yako." Akaniamuru nifanye mambo mawili: nimwombe Shalva msamaha, nimwambie Khatuna lililo moyoni. Na Zaburi ya hamsini, ile ya toba, kila jioni.

Zaburi nimeisoma. Mara mbili, kufidia yale mengine.

Jumapili, 29 Septemba.

Baada ya misa nilikwenda soko la stesheni. Rohoni nilikuwa mwepesi, maana mpango huu haumdhuru mtu. Zabibu za kununua, uzi mweusi, saa moja ya subira. Nikazifunga kichala kimoja kimoja kwenye mzabibu, dirishani kwangu. Khatuna akifika ataziona zinaning'inia kwa baba yake. Si uongo. Zabibu ni zabibu, na mzabibu ni mzabibu. Nimezikutanisha tu.

Nilisimama uani kuzitazama. Zilipendeza sana!

Eteri akatoka kwenye roshani. Akatazama juu kwa Shalva, akatazama chini kwangu, akauliza kwa upole tangu lini mzabibu wa marehemu Manana unazaa nyeusi juu na nyeupe chini.

Nyeupe zilikuwa tamu zaidi sokoni. Sikuwaza.

Saa tisa nyigu walifika. Si mmoja, ukoo mzima. Wameniuma sikio na shingo. Dirisha nimelifunga, nyumba imekuwa tanuri. Eteri amenishushia siki kikapuni, na ujumbe: Mzee Shalva anauliza kama hao nyigu nao ni wa mzizi.

Alhamisi, 3 Oktoba.

Amefika! Amekonda. Nywele amekata. Amenikumbatia mlangoni akaniuliza sikio limefanya nini. Nikasema baridi.

Nilikuwa na maneno tayari, ya kumweleza kuhusu zabibu kwa namna itakayonipa heshima. Hata sijafungua kinywa, akaweka begi chini na kupanda ngazi arobaini mbio kama alivyokuwa mdogo. Nikasikia anaita, "Mjomba Shalva! Nimekuja kuchukua zangu!" Nikasikia yule mzee analia. Analia kabisa, kwa sauti.

Akashuka na vikapu viwili. Viwili! Kumbe alimpigia simu tangu Agosti kumwomba, na Shalva amekuwa akikaa kwenye roshani kila asubuhi akiwafukuza ndege kwa firimbi, asiguse hata punje yeye mwenyewe.

Nikauliza sasa kwa nini hakusema, kuniacha nateseka na nyigu. Khatuna akasema Mjomba Shalva anasema hakuulizwa.

Bahati ya mwanamke kijana. Ningeomba mimi asingenipa.

Jumamosi, 5 Oktoba. Sikukuu ya jiji.

Asubuhi tulishuka mjini kwa orodha yangu. Nilikuwa nimepanga kama ratiba ya ukaguzi wa lifti: saa tatu wacheza ngoma, saa tatu na nusu jibini, saa nne kukanyaga zabibu, saa nne na nusu picha karibu na mto. Watu kama mchanga. Moshi wa nyama choma, asali, mahindi, mapipa ya divai mpya, watoto juu ya mabega ya baba zao. Kila hatua nilimwonyesha. Tazama ile. Onja hii. Wapi Bari utapata hii?

Akasema, "Baba, ngoja nipumue." Nilikuwa nimeshafika kwenye asali. Nilipogeuka, hayupo. Nilimtafuta saa nzima, nikajipigia msalaba kila kona. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa barabara na kikongwe mmoja kutoka mkoa wa Kakheti, wanabangua walnati, wanacheka. Ratiba yote imekufa. Akaniambia hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote tangu afike.

Sikuelewa. Walnati zipo kila mahali.

Jioni tukawasha moto uani. Sufuria ya shaba ikatoka, Eteri akaleta unga, Shalva akashuka. Tukasimama, sufuria ikiwa katikati yetu. Nilitaka kumwomba radhi, naapa, neno lilikuwa kwenye ulimi. Nikasema moto uko juu mno. Akasema anauona. Miaka miwili, na hayo ndiyo maneno ya kwanza! Halafu akanipa mwiko. Kwa Shalva huo ni mkataba wa amani.

Uji ukaanza kuwa mzito. Khatuna akasimama karibu yangu, ameshika uzi wa walnati kwa mikono miwili, uso mwekundu kwa moto. Akauliza, taratibu, wengine wasisikie:

"Baba, huna neno la kuniambia?"

Shalva akashika firimbi yake. Eteri akaacha kutafuna mbegu. Hata moto, sijui, niliona kama umesikiliza.

Nikampokea uzi, nikampa mwiko, nikamwambia, "Koroga, mama, usiache ushike chini."

Akakoroga.

Tumechovya nyuzi arobaini na moja. Zimening'inia kwenye kamba mpya ya Shalva. Nzuri kupita maelezo. Naona mpango unafanya kazi.

Alhamisi, 10 Oktoba.

Ameondoka na ndege ya asubuhi. Nyuzi kumi na tano amebeba. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili uwanjani, akanitazama, kama anasubiri lifti iliyokwama. Nikamwambia afunge zipu ya begi vizuri.

Nyumbani nikafungua kabati. Amesahau koti lake zito la baridi! Limetundikwa upande wake wa zamani, limepigwa brashi. Na chini yake buti, zimejazwa magazeti zisikunjamane. Na sweta tatu. Mtoto huyu kichwa chake kiko wapi? Nikapiga simu alipofika. Akacheka. Akasema, "Yaache hapo hapo, Baba. Yamekaa mahali pake." Akauliza kama sikio linapona. Akauliza tena kama nina neno.

Nikasema hakuna, mama, lala salama.

Eteri anasema Khatuna aliulizia kazi kwenye duka la dawa la pembeni, na lini wanahitaji mtu. Nadhani alikuwa anamuulizia rafiki yake.

Jumamosi, 12 Oktoba.

Shukrani kwa Mungu anayewapa wajinga akili alfajiri! Nimeamka na jambo limekamilika kichwani.

Bari kunakuwa na upepo wa bahari mwezi wa kumi na mbili. Mtoto hana koti. Kwa hiyo yupo anatetemeka, mara mlangoni kifurushi, kutoka kwa nani? Kutoka nyumbani! Koti lake, limepigwa pasi! Buti, zimepakwa rangi! Sweta zote tatu! Atalia. Atasema, hawa ndio watu wangu, narudi. Bila mimi kutamka lolote.

Nilikimbia nalo mpaka kwa dereva wa basi dogo linalopeleka vifurushi Italia kila Jumamosi. Goti halikuniuma hata kidogo. Nilipopita uani Eteri akauliza nimebeba nini. Nikamwambia. Akashika mdomo kwa mikono miwili. Shalva akatoka kwenye roshani na suruali ya kulalia, akapuliza firimbi, akapuliza, akaita, "Nodari! Rudi! Rudi, wewe mtu, rudisha hilo koti!"

Wivu. Hana binti, masikini.

Niliwahi. Basi lilikuwa linaondoka. Sanduku nimelifunga vizuri, nikabana kamba mara tatu, na juu yake nimeandika kwa herufi kubwa anwani ya Bari, lisije likarudishwa kwa makosa.