Hotuba ya Kapitan Macaraig Kuhusu Swichi Sitini na Mbili za Siri

Mheshimiwa mwakilishi wa Meya, ambaye ametuma udhuru. Padre Anselmo, uliyeyamwagia magari yetu maji ya baraka kwa ukarimu hadi redio ya diwani wetu Basilio ikanyamaza. Waheshimiwa madiwani wa Barangay Lumang Balon. Mwenyekiti wa waendesha traisikeli na naibu wake wasiosalimiana. Malkia wa urembo wa sherehe ya fiesta ya mwaka huu na wa mwaka juzi. Mabibi na mabwana. Nawe Aling Coring uliyesimama pale chini ya goli la mpira wa kikapu, keti tafadhali. Itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Aling Coring haketi.)

Ndugu wananchi, itakumbukwa kwamba mwaka jana barangay yetu, mtaa huu ninaouongoza, ilikumbwa na wimbi la wizi wa magari, yaani magari mawili, moja likipatikana baadaye kwenye uwanja wa kupiganisha majogoo, mwenyewe alikolisahau, na kwa mantiki hiyo ofisi yangu, chini ya uongozi wangu, baada ya mimi kujishauri kwa kina na kukubaliana nami, ilifanya upembuzi yakinifu na kuibua Mkakati Shirikishi wa Swichi za Siri za Kukata Stata.

(Sauti kutoka nyuma: “Fupisha, Kapitan, wali unapoa!”)

Wali utasubiri, maendeleo hayasubiri. Swichi hiyo, ndugu zangu, ni kitu kidogo kama kifungo cha shati, hufichwa mahali mwenye gari pekee anapopajua, na ikizimwa, umeme haufiki kwenye stata, kwa hiyo mwizi atazungusha ufunguo mpaka mkono umfe ganzi na gari litabaki kimya. Ndiyo maana siku nane zilizopita niliagiza kila gari liingizwe nyuma ya pazia, hapa hapa uwanjani, mwenyewe akingoja nje, na kila gari likatoka na stika yenye sura yangu kwenye kioo cha mbele. Suala la mahali swichi ilipo, kwa sababu za kiusalama, mtaelezwa baada ya uchaguzi.

(Aling Coring: “Kapitan, mimi nielezwe leo! Kirikuu changu hakijawaka tangu siku hiyo!”)

Mmesikia? Mpigieni makofi! Huyu mama hawezi kuwasha gari lake mwenyewe, mwizi ataliwezea wapi?

(Makofi ya baraza. Aling Coring: “Shemeji yangu kang'oa dashibodi, kang'oa viti, mpaka zulia kalichana, hajaona kitu! Samaki wangu wa bangus wanafikaje sokoni? Siku nane nakausha samaki tu, uani kwangu hapana pa kukanyaga! Wateja wote wamehamia kwa Nenita!” Mwanamke mmoja: “Na Nenita mizani yake inadanganya!” Kicheko.)

Hiyo ni changamoto, na changamoto ni fursa, Aling Coring, kwa kuwa samaki mkavu anadumu. Naomba nirejee kwenye takwimu. Magari yaliyopita nyuma ya pazia ni sitini na mawili. Yaliyoibwa tangu hapo ni sifuri, sawa na punguzo la asilimia mia moja ukilinganisha na wiki iliyotangulia, ambayo nayo ilikuwa sifuri. Magari sitini na moja bado yanawaka vizuri kabisa, jambo linalodhihirisha ubora wa teknolojia yetu, isiyomsumbua mtumiaji.

(Mzee mmoja: “Langu linawaka kama zamani tu. Na mwizi je, hataliwasha?” Kapitan anakunywa maji.)

Swali zuri, litajibiwa kwa maandishi. Nihitimishe kwa kusema: Lumang Balon, salama! Stata, kimya! Mwizi, miguu juu!

(Madiwani wanaitikia. Wengine wanatazama vyungu.)

Na sasa shukrani. Nalishukuru baraza kwa kuidhinisha ziara yangu ya mafunzo ya ufukweni, ambako wazo hili lilizaliwa. Namshukuru fundi Berting, aliyekaa dakika tano ndani ya kila gari akisoma gazeti kwa uvumilivu, huku mchakato wa kuagiza swichi ukitarajiwa kuanza mara tu tutakapojua zinauzwa wapi.

(Mtu anaangusha kijiko.)

Na kwa namna ya pekee namshukuru Aling Coring, mdau namba moja, ambaye pasipo yeye msingenisikia leo. Umeme wa uwanja ulipokatika siku ile ya pazia, na hadi leo haujarudi, sisi kama serikali tuliazima betri ya kirikuu chake kwa ajili ya spika hizi, na ili pasibaki pengo tukamwekea ile mbovu ya ofisi. Hakupewa taarifa, lakini moyo wake wa kujitolea...

(Aling Coring: “Betri yangu?” Fundi Berting, akitazama viatu vyake: “Ipo chini ya jukwaa, dada. Nilikatazwa kusema.” Aling Coring anapita katikati ya viti vya wageni waalikwa, Padre Anselmo anakunja miguu kumpisha.)

Ndugu wananchi, tuheshimu itifaki! Aling Coring, huo ni mradi wa umma, huo waya usiu...

(Spika zinazimika. Kapitan anaendelea kufungua na kufumba mdomo. Aling Coring anatoka na betri kifuani, na watu sita wanaacha sahani zao kwenda kumsaidia kuifunga kwenye kirikuu. Makofi ya kweli.)