Menyu ya Kiporo

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa darasa la watu wazima anasema tuandike kila siku, hata mistari michache, mkono ulainike. Mimi niliishia darasa la nne na mkono wangu umezoea mwiko kuliko kalamu. Haya. Naandika.

Leo moyo haukutulia. Asubuhi kwenye chai Kitinda katangaza habari. Kitinda ndiye kitinda mimba wangu, binti wa mwisho, kazi yake kutengeneza tovuti za watu kwenye kompyuta. Amepata mteja mkubwa, yule bwana mwenye duka la fanicha barabara ya nyuma. Jumamosi bwana huyo ataangalia kazi ya Kitinda na ya fundi mwingine, kisha achague. Akimchagua, Kitinda atakodi kile chumba kidogo karibu na saluni, afungue ofisi. Asipomchagua, atamfuata rafiki yake mji wa mbali. Kuna kampuni inamwita.

Mji wa mbali! Kaka zake waliondoka hivyo hivyo. Mama, tunakwenda kuangalia tu. Wanaangalia mpaka leo.

Kwa hiyo Bwana Fanicha lazima amchague. Nimeshaamua. Yeye tu ndiye hajui.

Mchana nilipita mlangoni kwa Kitinda na ufagio, polepole, sehemu ile ile, mara nyingi. Alikuwa akizungumza na rafiki yake kwenye simu. Niliyadaka maneno yote ya maana. Menyu. Ukurasa mmoja. Urambazaji wa haraka.

Kumbe ni chakula! Menyu naijua, ipo ukutani pale mgahawani. Ukurasa mmoja ni ili mgeni asichanganyikiwe na vyakula vingi. Na urambazaji si ndiyo kuramba? Mtu anakula mbio mbio mpaka anaramba vidole. Bwana wa watu anataka kukirimiwa. Na mtoto wangu hata yai la kuchemsha linamshinda.

Heri mwenye mama.

Jumanne, 5 Machi

Nimeandika menyu kwa mkono wangu. Supu, kuku, wali, matunda. Nikampelekea Kitinda akague herufi, nikamuuliza na huyo bwana hupenda kuramba nini zaidi, mchuzi au asali.

Kitinda alinitazama. Akauliza kuramba kumetoka wapi. Nikamweleza nilivyoelewa. Alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Baba Watoto, ambaye ni fundi saa na meza yake ipo pale pale sebuleni, alicheka naye mpaka akaangusha mshale wa saa ya mtu. Tumeutafuta zulia zima, wote watatu kwa magoti. Umepatikana kwenye soksi yake. Nilifurahi.

Kisha binti yangu, Mungu amweke, akanikalisha mbele ya kompyuta akanifundisha. Menyu ni ule mstari wa maneno juu ya tovuti. Vitanda, Meza, Makabati, Piga Simu. Tovuti yenyewe ni ukurasa mmoja mrefu kama shuka, kila kitu kimo humo humo. Ukibonyeza Meza, shuka linajivuta lenyewe na meza hizo mbele yako. Hungoji. Huko kufika unakotaka bila kupotea ndiko urambazaji, kama nahodha na chombo chake. Hakuna anayeramba.

Sawa. Lakini aliyetunga neno hilo angemuuliza mama mmoja kwanza.

Nilibonyeza Meza. Nikabonyeza Vitanda. Nikarudi Meza. Mstari wa menyu haukuondoka pale juu, umekaa kama mkwe anayengoja chai. Nilipenda. Nikamwambia Kitinda lazima ilimchosha kuiandika. Akasema hapana, menyu aliiandika mara moja tu. Kila akipata mteja anaichukua ile ile, anabadilisha maneno, anaitumia tena.

Nilishtuka kimoyomoyo. Inatumika tena? Yaani kiporo! Bwana mzima mwenye duka la ghorofa, apashiwe moto menyu iliyokwisha kuliwa na wengine?

Chakula cha jioni sikukisikia ladha. Nilikula lakini.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa kwanza: kumbembeleza Kitinda aandike menyu mpya. Nilianza kwa uji, nikaendelea kwa kumsifu nywele. Alisema hakuna haja, mama, kitu kikiwa kizuri kinatumika tena, tena hiki kimeshajaribiwa. Nikamwambia hata mimi wali wa jana nimeujaribu, lakini mgeni simpi. Akanibusu shavu akarudi kwenye kompyuta. Mtoto huyu ukimshika huku anatokea kule.

Nilikwenda dukani kununua sabuni. Nani nakutana naye? Mama Mapazia. Jirani wa mkabala, tumempa jina hilo kwa sababu pazia lake halitulii, kila mgeni wetu yeye ndiye wa kwanza kumwona. Akanipokea kwa vicheko. Shoga, umesikia? Kijana wangu Injinia anamtengenezea Bwana Fanicha tovuti. Kurasa nyingi kama kitabu! Vitanda ukurasa wake, meza ukurasa wake, hata misumari ina ukurasa wake. Ya binti yako ina ngapi?

Kumbe fundi mwingine ndiye huyo! Damu ilinipanda. Ningesema moja? Moja, mbele ya kitabu?

Nilisema yetu ina mmoja, lakini mrefu. Akauliza mrefu kiasi gani. Nikasema hujawahi kuona urefu kama huo. Akatabasamu lile tabasamu lake la upande. Hapo ndipo nilipoona lazima nimpe jambo la kumnyamazisha, nikamwambia na menyu yetu si ya hivi hivi, ni imara, inatumika tena na tena kwa wateja wote na haichakai.

Alirudia pole pole. Kwa wateja wote? Nikasema wote. Akanishukuru sana kwa mazungumzo, akaondoka bila kununua kitu.

Nilijisikia vizuri mpaka nilipofika nyumbani.

Alhamisi, 7 Machi

Bwana Fanicha kapiga simu. Kitinda aliongea naye akiwa amesimama, mkono kichwani. Alipomaliza alikaa. Akasema bwana huyo kaambiwa na mtu kwamba atauziwa menyu iliyokwisha kutumiwa na wengine. Jumamosi atakuja kutazama tu kwa sababu alishaahidi, lakini yeye pesa yake inanunua kitu kipya.

"Mama, umemwambia mtu?" aliniuliza.

Nikasema kuta zina masikio. Ni kweli, zinayo. Sikusema mdomo ulikuwa wa nani.

Kitinda hakugomba. Angegomba ningepumua. Alikwenda chumbani, nikasikia zipu ya begi. Nilipochungulia alikuwa ameliweka begi la safari juu ya kitanda, wazi, tupu, analitazama tu.

Nimeosha vyombo vyote. Kisha nimeviosha tena.

Baba Watoto alikuja jikoni akasimama karibu yangu. Akasema saa ikisimama, mtu asiitikise. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema maana yake kesho nikae nyumbani nitulie.

Nimekubali. Nitatulia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda dukani kwa Bwana Fanicha.

Si kuvunja ahadi. Nilitulia mpaka saa nne. Nilivaa kilemba na miwani ya Baba Watoto, nikaingia kama mnunuzi wa stuli. Mpango ulikuwa hivi: nipatane bei, tuzoeane, kisha nimwingizie taratibu kwamba menyu ya Kitinda ni mpya kabisa, haijaguswa. Uongo mdogo, wa mama.

Karakana ipo nyuma ya duka, vumbi la mbao kila mahali. Bwana Fanicha mwenyewe ni mtu mnene mpole, penseli sikioni. Ile miwani inanifanya nione sakafu iko juu, nikajikwaa, nikaangukia stuli. Nikajifanya nimeketi makusudi. Sasa ili kupatana bei sharti uponde kidogo bidhaa, ndivyo alivyonifundisha mama yangu. Nikaanza kuponda. Nikasema stuli gani hizi, miguu yote imefanana, mmechonga mmoja mkaurudia rudia.

Alikasirika yule bwana! Kwa upole, lakini alikasirika. Alichukua ubao mwembamba ukutani, umekatwa umbo la mguu, kingo zake zinang'aa kwa kushikwa. Akasema huu ubao wa kuchorea alirithi kwa baba yake. Kila mguu wa stuli humu unachorwa kwa huu. Ndiyo maana hazichezi, ndiyo maana ukiagiza leo kesho unachukua. Ningependa achonge kila mguu kwa kubahatisha?

Mimi nilikuwa nimeshapanda mori. Nikamwambia kwetu nyumbani kitu kinachorudiwa tunakiita kiporo.

Akautazama ule ubao. Akautazama tena. Kisha akaniuliza, bibie, samahani, wewe ni mama wa nani?

Nilitoka mbio. Kilemba kilibaki.

Basi. Nimemtukana mteja wa mwanangu, kwenye karakana yake, juu ya ubao wa marehemu baba yake. Nimekuja moja kwa moja kuangalia lile begi. Sasa lina blauzi mbili. Nimeichomoa moja nikaificha chini ya mto wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Siku yenyewe. Kitinda alisema nibaki. Nikabaki mpaka alipokata kona, kisha nikafuata na chupa ya chai, maana hakunywa.

Niliingia kwa mlango wa nyuma nikajibanza ndani ya kabati la milango mitatu, nikaacha ufa wa kuchungulia. Zuri, kwa kweli, sehemu ya kutundika nguo pana. Nikaona wote. Bwana Fanicha, Kitinda, Injinia, na Mama Mapazia kaketi kwenye kochi jipya na nailoni yake. Kilemba changu kimetundikwa msumarini, nikajifanya sikijui.

Injinia alianza. Bwana Fanicha alibonyeza Vitanda kwenye simu yake mwenyewe. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Mama Mapazia akasema ni kwa sababu vitanda ni vizito. Vitanda vikaja. Akabonyeza Meza, kiduara tena, akakohoa, akachonga penseli yake. Alipotaka kurudi mwanzo hakuona njia. Aliishia kwenye ukurasa wa misumari na hapo ndipo alipobaki. Injinia jasho lilimtoka. Ni kijana mzuri yule, nilimwonea huruma. Kidogo.

Zamu ya Kitinda. Meza, hizo hapo. Vitanda, hivyo hapo. Bwana Fanicha alikuwa akibonyeza huku anatabasamu kama mtoto na swichi ya taa. Kisha tabasamu likaisha, akauliza lile swali. Ni kweli menyu hii imetumika kwa wengine?

"Ni kweli, baba," Kitinda alisema. "Niliichonga mara moja nikaichonga vizuri. Kila mteja namchorea kwa ile ile."

Nilifumba macho. Kwa nini nilimlea mkweli?

Nikaona bora nijue mwenyewe kama kazi ni nzuri, nife nikijua. Kitinda alikuwa amenifungulia tovuti ile kwenye simu yangu tangu Jumanne. Nikaitoa. Nikabonyeza neno la mwisho la menyu, lile ambalo sikuwahi kulijaribu. Piga Simu.

Simu ya Bwana Fanicha ikalia mkononi mwake. Akaipokea. Akasema haloo. Nami, nitafanyaje, mtu akisema haloo anaitikiwa. Nikasema haloo.

Kabati lote likasikika.

Alikuja akachungulia. Nikampa chupa ya chai. Kitinda alijifunika uso kwa mikono miwili. Mama Mapazia alifurahi mpaka kochi likalia.

Lakini yule bwana hakufoka. Alisema, "Kumbe ndiye mama aliyezitukana stuli zangu." Kisha akamgeukia Kitinda akasema usiku hakulala, anawaza kwamba yeye naye huuza kiporo tangu ujanani, na hajawahi kuona mteja akianguka. Mimi nilianguka, lakini ilikuwa miwani. Akauliza tu iwapo mdogo wake mwenye duka la mapazia akitaka tovuti, itachukua muda mfupi. Kitinda akasema mfupi sana, menyu tayari ipo. Wakapeana mikono.

Nililia. Nikasema ni vumbi la mbao.

Jumapili, 10 Machi

Amani. Begi limerudi juu ya kabati. Kitinda ameuliza nani kaona blauzi yake nyingine, nikamwambia atafute vizuri. Asubuhi tulikwenda wote kupima kile chumba cha karibu na saluni. Kutoka dirishani kwake nitaonekana nikianika nguo. Baba Watoto kamwahidi saa ya ukutani.

Nimefikiri sana juu ya wiki hii. Nilichoona ni kwamba bila mimi kusema na watu, mtoto huyu asingepata kazi. Yeye anajua kutengeneza. Kuzungumza na wateja aniachie mimi.

Tena imekuja kwa wakati. Muda si mrefu uliopita nimemsikia akimwambia rafiki yake kwamba kazi yote ya Bwana Fanicha ameihamishia kwenye wingu, hata kompyuta yake ikifa haipotei. Yote! Nikatoka uani nikatazama juu. Wingu lipo, zito, jeusi, linakaribia kumwaga. Ningemuuliza, lakini nikiuliza watu huanguka vitini. Nikaona nimpigie Bwana Fanicha mwenyewe nimtoe wasiwasi kabla hajasikia kwa wengine. Nikamweleza tovuti yake ipo winguni lakini asihofu, mvua ikianza nitahakikisha inashushwa.

Akauliza wingu lipi.

Nikamwambia achungulie dirishani, lile kubwa upande wa kulia. Amesema analiona, na kweli linatisha. Tukaagana vizuri, mtu mwema sana.

Sasa nasikia simu ya Kitinda inalia chumbani. Bila shaka ni yeye, anampongeza.