Askari Arobaini wa Hewa Safi wa Gakindu

Nakuomba wewe unayesoma, karatasi hii usimwonyeshe mtu, hata mama yako, na ukimaliza ichome jikoni. Mimi ni karani wa Mratibu Mutahi, mkuu wa ofisi ya kata yetu. Haya ndiyo aliyosema Ijumaa sokoni Gakindu, neno kwa neno, na majibu ya watu nimeyatia kwenye mabano.

"Mheshimiwa Mgeni wetu kutoka Nairobi, Wazee wa Mitaa, Viongozi wa Makanisa, Ustadh Hafiz, Mwenyekiti wa Wakulima wa Kahawa, Mwenyekiti aliyemtangulia ambaye bado anadai kiti, na wote ambao itifaki imewazingatia, hamjambo! (Hatujambo, lakini jua ni kali!)

Miezi sita iliyopita, mimi mwenyewe, kwa maono yangu mwenyewe, nilizindua mradi wa pailoti wa Polisi wa Akiba wa Kupunguza Hewa Ukaa, ambao ni fremuweki shirikishi ya kumkabidhi mwananchi wa mashinani jukumu la moshi wake, kuanzia jiko la makaa hadi lile lori la Bwana Ngatia ambalo likipanda mlima hatuuoni mlima. (Kicheko. Ngatia: 'Niache, Mheshimiwa, lilishapona!') Tangu hapo moshi umepungua kwa asilimia sitini na tatu nukta nne, (Mama mmoja: 'Ati nani alipima?') na swali hilo, mama, litajibiwa na kamati ndogo.

Mgeni ametaka kuwaona askari hao. Nikiita jina, mtu asimame. Gikonyo wa Mwai! (Hakuna aliyesimama.) Yuko doria. Warigia wa Ben! (Sauti ya msichana: 'Nyanya yangu, Cucu Warigia? Si tulimzika Aprili, na wewe ukarudia chakula!') Basi huyo ndiye mfano wetu bora, maana tangu Aprili hajatoa moshi hata kidogo. (Kicheko kikubwa. Mgeni hakucheka, aliandika.)

Semeni nami: Jukumu la moshi! (Ni lako!) Hewa safi! (Kaa chini!)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru fundi Raudha, ambaye hakushona sare hata moja, kwa kuwa hatukumpa kitambaa. Na zaidi ya wote namshukuru karani wangu, Wachuka, ambaye juzi, mgeni alipopiga simu kwamba anakuja, na askari hata mmoja hajawahi kuandikwa, nilimwagiza majina arobaini yenye nambari za vitambulisho kabla ya chai ya saa nne, akayaleta, na sahihi iliyo chini ya orodha ni yake, si yangu. Asanteni."

Kitabu pekee chenye nambari za vitambulisho ofisini kwetu ni cha vibali vya mazishi. Nilinakili kwa uangalifu; hakuna kosa la tarakimu hata moja. Jumatatu mgeni anarudi na polisi wa kweli.

Ukimjua wakili wa kunitetea, usipige simu ya ofisi. Nenda soko la Karatina, upande wa karoti, umuulizie Tabby, rafiki yangu mwenye mwavuli wa kijani, naye atanifikishia habari. Jina langu usilitaje. Sema umetumwa na Gikonyo wa Mwai. Atajua ni mimi, kwa sababu Gikonyo mwenyewe hatumi mtu tena.