Katoni Kumi na Mbili za Tofi kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimenunua katoni kumi na mbili za tofi zilizopakwa chokoleti. Kwa jumla! Wengine wanunue moja moja kama wanaogopa. Muuzaji alisema ni nadra kumpata mteja anayeamua haraka namna hii. Nikamjibu kwamba sisi mafundi kufuli tumezoea kufungua mambo. Alicheka. Sana, nadhani.

Sababu ni hii: Jumapili tunamuaga mama mkwe, anastaafu baada ya kufundisha miaka arobaini. Ni miaka kumi na mmoja tangu nimuoe binti yake na hajanisifu hata siku moja. Nilipomjengea banda la kuku aliuliza mlango uko wapi. (Haukuwepo. Lakini kuta zile!) Mwanyumba, yaani mume wa dada yake mke wangu, daktari wa meno, ameshasifiwa mara nne. Mimi nataka sentensi moja tu. Moja!

Mke wangu aliuliza katoni zitakaa wapi. Nikamwonyesha chumba chake cha kushonea. Cherehani sasa iko barazani.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya kupima ubora. Muuzaji alinifundisha kwamba chokoleti nzuri hulia ikivunjwa. Nikaenda kwenye karakana, nikatundika kibao cha "Narudi sasa hivi", nikakaa nyuma ya mlango na kazi ikaanza. Ya kwanza: kimya. Ya pili: kimya. Nikaona vidole vinanidanganya, heri meno. Ya tano: kimya. Ya tisa: ka! Nilirukaruka peke yangu. Ubora wa hali ya juu!

Kumbe ni jino langu.

Jumatano, 5 Juni

Nimejikaza kisabuni mpaka saa nne, nikashindwa, nikaenda kwa mwanyumba. Aibu iliyoje! Alisubiri mpaka mdomo wangu umejaa vyuma, ndipo akauliza kwa upole ninampelekea mama nini Jumapili. Mtu katika hali ile hawezi kudanganya. Yeye anapeleka kiti cha kubembea, cha mbao ngumu, kina mto wa mgongo. Nilijiuliza nimchukie yeye au nikichukie kiti. Nimechukia vyote.

Alipomaliza nikampa tofi moja kwa shukrani. Akaonja, akafumba macho, akatoa hukumu: hii si chokoleti, ni mafuta yaliyotiwa rangi. Ya kweli huyeyuka yenyewe ulimini, hii inaganda kwenye kaakaa kama mshumaa. Wivu mtupu! Nilipofika nyumbani nikaweka kipande ulimini, nikasikiliza taarifa ya habari yote, na michezo, na hali ya hewa. Kipande bado kilikuwa palepale, kizima kabisa.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango mpya, na lazima niseme ni wa kipaji. Tofi yenyewe ni tamu, ubovu uko kwenye koti. Basi naivua koti bovu, naivisha jipya! Nimechukua tupa, ile ya kusugulia funguo, nikakwangua tofi moja moja tangu asubuhi. Kisha nikanunua chokoleti halisi na kuiyeyusha kwenye sufuria ya mke wangu, juu ya maji ya moto. Iling'aa! Niliuona uso wangu ndani yake na ulikuwa uso wa mshindi.

Nikafunika sufuria isipoe. Mvuke ukapanda kwenye mfuniko, ukashuka matone. Machache tu! Nilipofunua, chokoleti ilikuwa imegeuka changarawe. Nikaongeza maji ilainike. Nikapata changarawe yenye maji.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nilinuna kidogo, halafu nami nikaangua kicheko, maana yule mwanamke akicheka hivyo huwezi kubaki na hasira. Akasema nizipeleke tofi hivyohivyo, tupu. Akaleta mabaki ya karatasi zake za kukatia mitindo, tukakaa barazani kando ya cherehani kuzifunga tofi na kusokota ncha, vidole vikinata. Sijafurahi hivi siku nyingi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeonja tofi tupu kumi na moja. Zinanata. Zinanata mno! Ukiuma, taya zinafungana, unabaki unakodoa macho. Mteja aliuliza bei ya kufuli, nikamjibu kwa vidole, akaona namdharau, akaondoka. Nimeandika kwenye kumbukumbu zangu: dalili ya ubora.

Jumapili, 9 Juni

Nimefika! Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi wa shule ulijaa pomoni. Mwanyumba akaingia na kiti chake kichwani. Mama mkwe akakikalia, akabembea, akasema ni kiti kizuri. Sifa ya tano! Mimi nikaweka kopo langu la tofi kwenye meza kuu, roho mkononi. Hakulitupia hata jicho.

Kisha akasimama afisa elimu, mgeni rasmi. Jirani yangu alininong'oneza kwamba hotuba yake fupi kuliko zote ilichukua saa mbili na mtu alizirai. Mkononi alikuwa na rundo la karatasi. Kabla ya kuanza akajichukulia tofi. Kubwa. Akasema, "Ndugu wageni waali..." Basi! Taya zikagoma. Akavuta, akasukuma, akainua kidole juu kama mwenye hoja nzito. Tukasubiri hoja. Mwishowe akamkabidhi mama mkwe cheti, akampa mkono, akaketi. Dakika tatu! Makofi yalitikisa madirisha. Mwalimu wa hesabu alipanda juu ya benchi na kucheza.

Mama mkwe akainuka kwenye kiti kile, akaja moja kwa moja mpaka nilipo. Nikajua nimekwisha. Akasema, mwanyumba akisikia:

"Mkwe wangu, miaka ishirini nimemvumilia yule bwana. Leo umenipumzisha. Umefanya vizuri sana."

Vizuri. Sana! Nililia, na sioni haya kuandika.

Jumatatu, 10 Juni

Mama mkwe ameagiza kopo moja dogo. Wiki ijayo kuna kikao cha walimu wastaafu, na mgeni rasmi ni afisa yuleyule. Kopo moja, tofi tupu, kama zile zile. Mke wangu ameniomba niishie hapo. Mwanyumba naye, ambaye tangu asubuhi anaziba meno ya nusu ya ukoo, alinishukuru kwa wateja na kunishauri vivyo hivyo.

Lakini mama kama yule apewe tofi uchi? Haiwezekani. Anastahili chokoleti. Nimerudi kwa muuzaji, nimechukua katoni thelathini, zenye karatasi ya dhahabu. Mke wangu aliuliza kama safari hii nimeonja kwanza. Nikamwelimisha taratibu kwamba kuonja ni kwa wanaojifunza. Sisi tuliobobea tunaangalia karatasi tu.