Mashine Isiyodanganya na Kura Yangu Moja

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Idara ya Mashine za Kupigia Kura.

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA MASHINE INAYOFANYA KAZI

Salamu nyingi, na pole kwa mzigo wa kulinda kura za watu.

Mimi ni fundi wa mizani, kibanda cha tatu ukiingia sokoni, na ndimi kiongozi wa Kamati ya Wananchi ya Kura ya Haki. Bila shaka unatukumbuka. Kwa miaka miwili tumekuandikia barua saba na kusimama na mabango mbele ya ofisi yako, hata mlinzi wa getini akawa anatuwekea nafasi kivulini. Tulidai mashine isiyodanganya, inayotoa karatasi ambayo mpiga kura anaiona kwa macho yake ikidondoka ndani ya sanduku la kioo. Mkatusikia, mkaileta kwenye uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa, nami nikagombea. Nashukuru sana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine imenipa kura moja. Mia mbili na kumi na moja zimekwenda kwa muuza vyombo, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Kesho kwa sababu hiyo ndiyo siku anayotimiza ahadi zake zote.

2. Asubuhi ile tuliipima mashine mbele ya watu, kama ninavyopima mizani kwa mawe ya uzito unaojulikana. Nilibonyeza picha yangu mara kumi, ikahesabu kumi kamili. Tukazifuta, nikatia saini kwamba ni nzima. Kwa hiyo mashine ilinijua vizuri. Ilipofika jioni ikajifanya hainijui.

3. Walioniahidi kura wamo kwenye daftari langu, sitini na watatu. Kinyozi aliniahidi huku wembe ukiwa shingoni mwangu, na sioni kwa nini mwenye wembe amdanganye asiye nao. Mama mkwe aliniombea dua. Mashemeji zangu wanne walikula kwangu siku tatu mfululizo wakiniita Mheshimiwa, na mmoja akaondoka na mwavuli wangu. Watu sitini na watatu hawawezi wote kuwa waongo. Mashine ni moja tu.

4. Tulidai karatasi zihesabiwe kwa mkono. Zikahesabiwa, zikalingana na mashine. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi sijaona mizani mbili zikikubaliana kiasi hicho bila kupanga kwanza. Ni wazi karatasi na mashine zimekula njama.

5. Msiseme kuna mtu aliyelichezea sanduku. Kanuni ya kamati, ambayo niliiandika mwenyewe, inasema mlinzi wa sanduku hanyanyuki kitini mpaka foleni iishe. Mlinzi nilikuwa mimi. Nilikaa tangu mlango ulipofunguliwa hadi nilipoamuru ufungwe. Maji sikunywa, maana maji yakiingia hudai kutoka.

6. Hili linaniuma kuliko yote. Ikiwa kura ni moja, na mtu hajinyimi mwenyewe, basi mama watoto hakunipigia. Tumeoana miaka kumi na tisa. Ndiye aliyeshona mabango yetu yote, mpaka lile la KURA NI SIRI YA MTU. Siku kumi sasa nakula kibandani, nalala sebuleni, na nikiwa na neno namtuma mtoto. Naye kanyamaza, na kimya chake nimekihesabu kuwa ni kukiri. Nyumba yangu imeingiwa na baridi, Ndugu Mkurugenzi, na sijui nianzie wapi kuirudia.

Najua wateja wangu wakinung'unikia mizani huwa nawaambia mizani haina chuki na mtu, warudi wakaangalie gunia. Mimi gunia nimeliangalia.

Kwa hiyo naomba, kwanza, barua yenye muhuri inayosema mashine ni mbovu, niipeleke nyumbani, yaishe bila mtu kuombwa radhi. Pili, uchaguzi ujao mtuletee mashine inayohesabu ahadi. Mtu akimwambia mgombea usoni kwamba yuko naye, ihesabu papo hapo kabla hajapita nyuma ya pazia, maana huko ndiko watu wanakoharibikia. Mkikataa, kamati iko tayari kurudi getini. Mabango tutayageuza upande wa pili.

Nisalimie karani wako, dereva aliyeishusha mashine kwa mikono miwili kama mgonjwa, na mlinzi wa getini, mwambie kile kivuli asikigawe.

Wako katika kupigania kura ya haki,
Fundi Mizani

Tanbihi: Barua zangu zote husahihishwa na mama watoto, na utaratibu huo hata ugomvi haukuuvunja. Hii nilimpelekea kupitia mtoto wetu wa kati. Ameisoma mpaka mwisho, ameongeza mkato kwenye namba sita, kisha akaja sebuleni, akanishika mkono na kuweka kidole changu kando ya chake. Chake bado kina wino wa kura kwenye ukucha. Changu ni safi. Sikunyanyuka kwenye kile kiti, na mashine ilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Nilipomwuliza kwa nini alinyamaza siku zote hizi, alinionyesha lile bango la siri.

Mashine ni nzima. Msiiondoe. Ila kama sheria inaruhusu, naiomba ile karatasi moja. Msihangaike kumtafuta aliyeipiga, mimi namjua.