Dakika Tisa za Ahmedabad

Kagongwa,
18 Novemba 1996

Ndugu Katibu,
Chama cha Msingi cha Wakulima wa Pamba.

YAH: MAKADIRIO YA SIMU YALIYOMPATIA BINTI YANGU MCHUMBA

Salamu za chama na za zao letu la pamba zitangulie, malalamiko yafuate nyuma yake kwa adabu. Mimi ni Athanas Mihayo, mwanachama wenu mliyemtuma India wiki tatu, katika mji wa Ahmedabad, kujifunza namna wenzetu wanavyochambua pamba. Nimerudi salama. Habari za pamba nitazieleza mkutanoni. Leo naandika habari za simu, na naomba barua hii isomwe mbele ya kamati nzima, Ndugu Valerian akiwepo, tena akae mbele.

Mtakumbuka kwamba kabla sijaondoka, Ndugu Valerian, mtunza hazina wetu, alipewa kazi ya kukadiria nitahitaji simu kiasi gani nikiwa nje ya nchi. Alikadiria kama anavyokadiria dawa ya kunyunyizia pamba kwa eka. Alinisimamisha ofisini, akashika saa, akaniambia niseme yote ambayo mtu anaweza kuwa nayo ya kusema kwa wiki moja. Nikasema. Nilimaliza kabla ya dakika mbili, maana nilikuwa nazungumza na ukuta. Akaongeza kidogo kwa tahadhari zikawa tatu, akazidisha kwa wiki tatu, zikawa tisa. Mkapiga makofi. Na mimi nilipiga, najuta.

Ikapangwa kwamba kila Jumatatu saa kumi jioni nipige simu dukani kwa Pranlal hapa Kagongwa, nikiwa kwenye kibanda cha simu cha binamu yake, Rushabh, kule Ahmedabad. Rushabh ni mtu mwema sana, lakini kibandani mwake kuna mashine yenye namba nyekundu zinazokimbia, na zikifika tatu anakata hata kama neno liko nusu mdomoni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Salamu hazikukadiriwa. Jumatatu ya kwanza alipokea Pranlal mwenyewe. Huwezi kumwambia mwenye simu akuitie mkeo kabla hujamuuliza habari za nyumbani, za mkewe Mama Sanket, za duka na za mgongo wake. Mara habari zikaenea barazani kwamba India iko kwenye simu. Makoye, fundi cherehani, akaacha suruali ya mtu kwenye mashine akaja kunisalimu, naye akataka mhola yake kamili, ile salamu yetu ya Kisukuma, mpaka ya ng'ombe. Akafuata mzee mmoja wa Isaka ambaye hata simfahamu, alikuja kununua misumari tu, akataka kujua tumeshindaje huko. Tena ukisema neno linakwenda huko, kisha linakurudia sikioni, basi mnasubiriana, halafu mnasema wote kwa pamoja. Mke wangu Lusia alipata sekunde kumi na mbili. Alizitumia kuniambia kwamba wazee wa Masele wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo kumposa Mbuke, je, wapokelewe? Kabla sijafungua mdomo, Rushabh akakata.

Roho yangu ikawa juu tangu hapo. Mbuke ni binti yangu wa pekee. Masele ni mchimbaji wa Rwamgasa. Leo ana dhahabu mfukoni, kesho anaazima chumvi, na siku zote mbili yuko chini ya ardhi. Mtoto wangu akakae huko akisubiri mume atoke shimoni? Sikubali ng'o! Nilikuwa na neno moja tu la kusema: hapana. Nikalibeba wiki nzima. Walimu wa Ahmedabad wakinionyesha mashine zao, mimi nalitamka kimoyomoyo nisije nikalisahau.

2. Mkwe hakukadiriwa. Jumatatu ya pili Lusia aliumwa jino, akamtuma mama yake dukani akapokee jibu. Pranlal akamkabidhi simu, akaenda kumpimia mteja kitambaa. Sasa niambieni, ninyi watu wazima wenzangu. Mama mkwe! Mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na miwili nikimwona njiani naingia kwenye mahindi ya watu, na maneno yetu yote tunayapitisha kwa watoto. Leo mdomo wangu uko ndani ya sikio lake! Sikuthubutu hata kupumua kwa nguvu. Naye, mtu wa heshima zake, hakutoa neno. Tulinyamaziana, India na Kagongwa, dakika tatu kamili bila pungufu. Rushabh aligonga kioo akinionyesha namba, akidhani nimepatwa na kitu. Nikamweleza kwa mikono kwamba upande wa pili kuna mkwe. Hakuelewa, maskini.

Mama akarudi nyumbani akatangaza kwamba nimenyamaza vizuri sana, kwa utulivu, na kwamba mtu anayekataa hanyamazi hivyo. Jumamosi wazee wa Masele wakapokelewa, kuku wakachinjwa, vigelegele vikasikika mpaka stendi. Mimi niko Ahmedabad nakula dengu.

3. Simu ya tatu sitaieleza kwa kirefu. Dakika hazikutosha. Tuendelee.

4. Kwa hiyo naomba makadirio ya safari zijazo yarekebishwe. Ziwekwe dakika nne za kumsalimu mwenye simu. Sita za watu wa barazani. Moja ya mtu wa misumari, maana hakosekani. Na mbili za sauti inayorudi. Kwa upande wa mkwe ziwekwe dakika kumi za kunyamaza, pamoja na mtumishi wa chama wa kukaa dukani, asikilize pumzi za pande zote mbili na kuzitafsiri. Dakika za kunyamaza zihesabiwe nusu, kwa kuwa zilikwenda tupu kama lori linalorudi Isaka bila mzigo.

5. Naomba uchumba huu utenguliwe kwa azimio la kamati, na nakala ya muhtasari wapelekewe wazee wa Masele.

6. Ikishindikana, basi Ndugu Valerian awe ndiye baba wa bibi harusi, kwa sababu hesabu yake ndiyo iliyokubali posa. Yeye akae na wakwe, yeye atoe nasaha. Na siku Mbuke atakapopanda gari la Rwamgasa na sanduku lake, yeye ndiye asimame barabarani kutazama mpaka vumbi litulie. Mimi siwezi, Ndugu Katibu. Nasema kweli, siwezi.

Nisalimie Mwenyekiti na mama watoto wake, wajumbe wote, karani wa mizani, mlinzi wa ghala, na Ndugu Valerian pia, maana sina ugomvi naye nje ya hesabu.

Ni mimi mwanachama wenu mtiifu, niliyekatiwa simu,

Athanas Mihayo (Baba Mbuke)

Nyongeza: Lusia ameisoma barua hii akacheka mpaka akakaa chini. Anasema nisipoieleza simu ya tatu, ataieleza yeye mbele ya kamati. Haya basi. Aliipokea Mbuke mwenyewe. Siku hiyo sauti haikurudi, na barazani hapakuwa na mtu. Alisema shikamoo baba, kisha akaniuliza kama namkataa Masele, kwa sababu nikimkataa na yeye ataacha. Namba nyekundu nilikuwa naziona: zilikuwa zimebaki dakika mbili na nusu. Nikamuuliza kama mvua imenyesha. Akasema imenyesha. Nikamuuliza kama amekula. Akasema amekula, na nikasikia kwamba anacheka na kulia. Nikamwambia vizuri mwanangu, wasalimie hao wazee, nikaweka simu chini. Harusi ni Jumamosi ya kwanza ya Januari, mnakaribishwa wote. Dakika mbili zilizobaki ni mali ya chama. Rushabh ameziandikia cheti, nimekibana hapa.